Rangi Yangu Haikuwamo

Mimi mwenyewe ndiye niliyewahimiza wenzangu tusasishe ile programu, na hadi leo nikikumbuka natamani siku ile ningeamka naumwa jino. Ni programu inayotutunzia kila mstari tunaouandika sisi watengenezaji wa mifumo ya kompyuta: nani kaandika, lini, kabadili nini. Toleo jipya, walisema, mtandao ukikatika linaendelea kutuma palepale lilipoishia. Kwangu mimi niliyefanyia kazi nyumbani Utende, huku kisiwani, ambako mtandao huja unapojisikia, hiyo ilikuwa habari ya kumshukuru Mungu.

Kwani kabla ya hapo nilifanyaje? Nikishindwa kutuma, natia kazi kwenye flashi, nampa mtu anayevuka na boti kwenda Nyamisati, bara, inamfikia shemeji yangu Dar es Salaam. Huyo ni mume wa dada yangu, na tulikuwa ofisi moja. Aliiingiza kazi yangu kutoka kompyuta yake, na programu ikaandika jina lake. Miaka miwili hiyo. Sikujali hata kidogo. Mtu na shemeji yake, nikasema, jina la nini?

Kumbe toleo lile lilikuja na mengine ambayo sikuyasoma. Lilipaka kila mstari rangi ya mwandishi wake. Bosi likamvutia, akaitisha kikao cha mtandaoni, akaufungua mfumo wetu wote wa hospitali mbele ya macho yetu. Kijani kitupu, rangi ya shemeji. Njano yangu ilikuwa vipande viwili vitatu, kama punje za mchele zilizosahaulika sinia likishaoshwa. Ile sehemu ya kupanga foleni za wagonjwa, niliyohangaika nayo Ramadhani nzima, kijani.

Bosi hakufoka. Aliniuliza kwa upole nilikuwa nafanya nini muda wote huo, na upole wake ndio uliouma. Nikamsubiri shemeji aseme. Neno moja tu lingetosha. Nilimwona kwenye kioo cha kompyuta, yuko nyumbani kwake, anapanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Nyuma yake dada akapita na mtoto mgongoni.

Nilikasirika, wallahi. Flashi nilizorudishiwa ninazo, ushahidi ninao, ulimi ulikuwa unawasha. Lakini ofisi ile haimweki mtu aliyejipachika kazi ya mwenzake. Nikisema, anafukuzwa yeye, na atakayelala njaa ni dada.

"Ni kweli," nikasema. "Kazi ni yake."

Wakaniachisha kazi wiki ileile. Shemeji hakupiga simu. Aliyepiga ni dada, Ijumaa baada ya swala, akanigombeza kweli kweli. Mumewe kamweleza kwamba nimefukuzwa kwa uvivu, na kwamba nimemtia aibu yeye aliyenitafutia nafasi.

"Mwangalie shemeji yako," akaniambia. "Yule anafanya kazi."

Nikamjibu, "Ndiyo, dada."