Marehemu Aliyekataa Kuitwa Mpiga Taipu

Jumanne moja, saa nne asubuhi, marehemu alinipigia simu ofisini.

Sitanii. Naitwa Gaétan. Miaka thelathini na moja nimesahihisha makala za La Manivelle, jarida la biashara la Kifaransa hapa Montréal. Na ni mimi niliyeandika kwamba yule mama alishakufa.

Jarida lilikuwa linafungwa. Tumebaki wanne, meza tupu kila upande. Bosi wetu, Josiane, akaniambia, "Gaétan, wewe ndiye mkongwe. Tuandikie historia yetu, sehemu mbili, kisha kila mtu akapumzike."

Nilikuwa hoi. Nikanakili historia ya zamani iliyokuwa kabatini: jarida lilianzishwa mwaka 1961 na Ovide Marcoux, akisaidiwa na mpiga taipu wake, hayati Rolande Turmel.

Sehemu ya kwanza ikatoka. Simu ikalia.

"Wewe ndiye Gaétan? Mimi Rolande Turmel."

Nikafunua jarida mezani: hayati Rolande Turmel.

"Usiogope, kijana. Niko nyumbani, mjini Sorel, napika supu ya njegere."

Kijana! Nina miaka hamsini na tisa.

"Mama, samahani sana kwa... kwa kukuua."

"Kufa sina neno. Ila mpiga taipu? Nani? Mimi? Hebu njoo hapa."

Kesho yake nikaenda, theluji magotini. Nikamkuta bibi mgongo umepinda, ulimi wembe. Akanimwagia mezani rasimu za toleo la kwanza, zote kwa mwandiko wake. Tahariri. Habari za viwanda vya karatasi. Hata jina la jarida alilitunga yeye.

"Ovide alikuwa hodari wa kutafuta matangazo," akasema. "Kuandika ndiko kulikomshinda."

"Sasa mbona hukusema?"

"Enzi zile mwanamke akipiga simu kiwandani kuuliza habari za biashara, anaambiwa ampe bosi wake simu. Tukaweka jina la Ovide. Tukasema ni kwa muda tu." Akashusha pumzi. "Muda wenyewe ndio huu."

Nikarudi kwa Josiane na zile karatasi.

"Hapana, bwana. Familia ya Marcoux itatujia juu. Toleo la mwisho hili, vita vya nini? Wewe umechoka, mimi nimechoka."

"Ni la mwisho, ndiyo. Tukikosea safari hii, hakuna toleo lingine la kusahihisha."

Akajipangusa uso kwa viganja.

"Weka. Ukurasa wa kwanza."

Nikampelekea mama nakala yake. Akasoma kimya, kidole kinafuata mstari. Mwanzilishi: Rolande Turmel. Akasoma tena.

Ndipo nikamuuliza, "Ila mama, ni nani aliyetuletea ule uongo kwamba umekufa?"

"Mimi."

"Wewe?!"

"Kila sherehe ya jarida mlinipigia. Ovide alikuwaje? Ovide alicheka vipi? Ovide, Ovide, Ovide! Nikachoka. Nikaandika barua, nikaweka sahihi ya mpwa wangu: shangazi amefariki. Nikapata amani miaka kumi na tisa."

Akalikunja jarida taratibu.

"Na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza nimezikwa wapi."



Jamani, hapo kazini kwenu yupo mtu kama huyu. Mtajeni kwa kazi yake angali anapokea simu.