Ua Jeupe la Ildefonsa Lililopotelea Biharamulo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu bado umelala juu ya migomba ya Nyamiaga, na Ildefonsa Nyandwi anapita kwenye matuta yake akiondoa maua ya jana.

Anayavunja moja moja kwa kidole gumba, taratibu, na kuyatia kwenye kikapu. Jana saa kama hizi yalikuwa wazi, ya njano, ya chungwa, mengine ya zambarau. Leo yamesinyaa na kulowa kama kitambaa cha kupigia deki. Pembeni mwa kila ua lililokufa kuna tumba lililonona, linakaribia kufunguka.

"Nikiyaacha, la leo linafunguka limebanwa na la jana," anasema bila kuinua kichwa. "Sasa hilo la leo limekosa nini?"

Mama huyu wa miaka hamsini na mmoja anaotesha na kuuza maua ya bustani za nyumbani, karibu na mji wa Ngara. Ua analolipenda zaidi lina majani marefu membamba kama ya mchaichai. Linafunguka alfajiri na kufa jioni, ndiyo maana hapa wanaliita ua la siku moja. Shina moja linaweza kutoa maua mwezi mzima, lakini kila ua lina siku yake moja tu.

Mwandishi, aliyezoea maua ya plastiki ya kwenye kumbi za harusi, anakiri kwamba alichelewa kuelewa kwa nini mtu ajitese na kitu cha namna hiyo. Ilimchukua asubuhi mbili za kukaa kwenye kigoda katikati ya matuta, umande ukimlowesha viatu, mpaka naye akajikuta anaongea kwa kunong'ona bila sababu yoyote.

Ildefonsa ana aina kumi na saba za ua hilo. Tatu za kwanza alizipata miaka ya tisini, alipokuwa akifua na kufagia kwenye nyumba ya wageni wa shirika moja waliokuja kuhudumia wakimbizi. Walipofunga virago, muuguzi mmoja alimwambia achukue anachotaka. Wenzake walibeba mabati na meza. Yeye alichimbua maua, akayatia kwenye beseni, na mumewe, ambaye sasa ni marehemu, akamcheka wiki nzima.

Nyingine zilikuja kidogo kidogo, kutoka kwa masista, kwa dereva wa lori, kwa mtu aliyetembelea ndugu zake akarudi na shina kwenye mfuko wa rambo. Majina amezipa mwenyewe. Ya njano ni Mahindi. Ile iliyopauka kuelekea waridi ni Chai ya Maziwa. Ya zambarau iliyokolea ni Kwaresima, "kwa sababu ndiyo rangi anayovaa padri siku zile." Kuna ya chungwa yenye duara jekundu kooni ambayo anaiita Mgeni, maana hata yeye hakumbuki ilifikaje kwake.

Shina moja anauza shilingi elfu tatu. Msimu ukikubali anapata kama laki moja na nusu kwa mwezi, na ukikataa anarudi kwenye maharage na kahawa kama majirani zake. "Nyumba hii ilijengwa na kahawa," anasema akionyesha ukuta wa kijani kibichi. "Maua yalinunua rangi."

Lakini hizo zote alipewa, na hilo ndilo lililokuwa likimkera. "Nilitaka moja ambayo kama si mimi, isingekuwepo duniani," anasema. "Na niliitaka nyeupe."

Basi akaanza kuozesha maua. Asubuhi, umande ukishakauka, alichukua vumbi la kooni mwa Chai ya Maziwa kwa ncha ya unyoya wa kuku na kulipaka kwenye ua la Mahindi, kisha akafunga uzi mwekundu ili asisahau. Mbegu ikikomaa aliipanda na kusubiri miaka miwili, wakati mwingine mitatu, auone uso wa mtoto. Watoto wa kwanza walitoka njano. Akachagua waliopauka zaidi, akawaozesha tena. Nao wakazaa njano. Miaka tisa ilikwenda hivyo.

Novemba ya mwaka jana, Jumamosi, shina moja changa lilifungua ua jeupe kama unga wa muhogo, na kooni kijani kidogo. Jumatatu likafungua la pili, na hayo mawili yakawa ndiyo yote ya mwaka ule.

"Sikupika siku ile," anasema Ildefonsa. "Nilivuta kigoda nikakaa nalo mpaka lilipojifunga. Nililia, nakwambia ukweli. Watu wakipita barabarani wakadhani nimefiwa."

Ua likishaondoka, majani ya aina zote kumi na saba ni yale yale. Hata yeye mwenyewe hawezi kuyatofautisha. Kwa hiyo huwa anafunga kamba kavu ya mgomba chini ya kila shina na kuipiga mafundo. Fundo moja ni Mahindi, mawili ni Chai ya Maziwa, matatu ni Kwaresima. Lile jeupe alilipa mafundo matano na kulikagua kila siku.

Machi mwaka huu ilikuwa zamu yake kupokea sala ya jumuiya. Kama ilivyo desturi, akina mama wenzake walitangulia siku moja kumsaidia usafi, na yeye akaenda mjini kununua sukari na majani ya chai. Walifagia, wakapalilia, wakashangaa kuona makamba makavu ya mgomba yamening'inia kwenye maua mazuri namna ile. Wakayakata yote na kuyachoma moto. Kulikuwa pia na mashina matatu yaliyotokeza njiani. Wakayang'oa, wakayapanda upande wa pili wa tuta ili mstari unyooke.

"Tulitaka Mama Telesfori akirudi akute kwake kumependeza," anasema Esperansia, mwenyekiti wa jumuiya hiyo, akimwita Ildefonsa kwa jina la mwanawe, na anaanza kucheka halafu anajizuia. "Na kweli kulipendeza! Lakini mpaka leo nikipita hapa natazama chini."

Ildefonsa hakugomba na mtu. "Umgombeze nani? Walikuja na mafagio yao wenyewe, hata uji hawakunywa." Alijipa moyo kwamba anakumbuka. Ua jeupe lilikuwa la nne kutoka njiani. Akahesabu manne, akalizungushia mawe, akalala usingizi.

Hakujua kwamba safu ilikuwa imesogezwa, na la nne halikuwa tena lile la nne. Wiki hiyo hiyo alichimbua mashina thelathini yaliyobaki kwenye safu ile, akiamini yote ni Mahindi, na kumuuzia Bi Mwanamvua, mjane mwenye duka la vitambaa Biharamulo mjini. Pikapu ikaja, ikapakia, ikaondoka.

Oktoba, mvua zilipoanza, ua lililokuwa ndani ya mawe lilifunguka. Lilikuwa la njano.

"Niliita jina la Mungu mara moja tu, nikakaa chini," anasema. Kazi ya miaka tisa ilikuwa kilomita zaidi ya mia moja kutoka kwake, kwenye ua wa mtu, na hakuna wa kuitambua mpaka ichanue, na ikichanua ni kwa siku moja.

Alimpigia Bi Mwanamvua akamweleza yote. Bi Mwanamvua akasikitika. Mashina kumi alikuwa ameyapanda uani kwake, na ishirini alikuwa amempa mdogo wake Swabaha, aliyeolewa kijijini Nyamahanga. Wakakubaliana kwamba kila asubuhi wanawake hao wawili watume habari ya kilichofunguka. Picha za Swabaha ziwe zinaingia kwenye simu ya jirani, Mwalimu Alfonce, kwa kuwa simu ya Ildefonsa ni kitochi, haipokei picha. Bi Mwanamvua, ambaye hapendi mambo ya picha, angepiga simu mwenyewe.

Tangu hapo kila siku kabla ya kwenda shuleni mwalimu alisimama kwenye wigo wa matete.

"Mama Tele, shikamoo."

"Marahaba mwalimu. Wanasemaje Nyamahanga?"

"Njano."

"Zote?"

"Zote, mama. Pole."

Mwanzoni mwa Desemba picha moja ilikuja na weupe. Ildefonsa alipanda gari siku hiyo hiyo na kufika Nyamahanga saa moja kasoro jioni. Ua lilikuwa limekwisha kujikunja, rangi haisomeki. Akalala kwa Swabaha, akaamka bado giza, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kulingoja tumba linalofuata. Jua lilipotoka, ua lililofunguka lilikuwa Chai ya Maziwa. Picha ilikuwa imepigwa kabla ya mapambazuko, rangi ikiwa bado imelala.

Alirudi Nyamiaga, akaendelea kuondoa maua ya jana kama kawaida. Esperansia anasema siku zile alikuwa anamsalimia mara mbili ndipo anaitikia.

Siku nne baadaye simu ya kitochi inalia, mwandishi akiwa palepale bustanini. Ni Bi Mwanamvua. Anasema maneno machache tu: "Njoo kesho. Njoo asubuhi, usije jioni."

Mwandishi anaomba nafasi kwenye safari hiyo. Gari linaondoka Ngara nyota zikiwa bado juu. Milima inashuka polepole, ukungu unabaki nyuma mabondeni, na njia inaingia kwenye misitu mirefu isiyo na nyumba. Ildefonsa amekaa dirishani, na mapajani amepakata jembe dogo alilolifunga kwenye kitenge. Midomo inacheza kidogo, labda anasali, labda anahesabu.

Saa mbili na nusu wapo mlangoni.

"Hodi!"

"Karibuni, karibuni ndani."

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Usikae kwanza. Nifuate huku."

Bi Mwanamvua, mama wa miaka sitini na kitu, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani na kuzikwa hapa, anatangulia hadi uani. Kwenye kona, mahali pa kutawadhia, kando ya ndoo na kata, ua jeupe limefunguka. Jua limeanza kulifikia upande mmoja. Ni jeupe kweli, la utulivu, na kijani kile kooni kinafanya lionekane limelowa. Mwandishi anakubali kwamba alisahau kalamu mkononi.

Kisha Bi Mwanamvua anasema, macho yake yakiwa kwenye sakafu, "Nalijua tangu mwezi uliopita."

"Unasemaje?"

"Lilifunguka Ijumaa. Nikakupigia nikakwambia njano. Kesho yake lingine, nikakwambia njano. Mimi naishi peke yangu, Ildefonsa. Nyumba yote hii ni mimi na kuta. Nikitoka alfajiri kutawadha, nalikuta lipo, linanisubiri. Nikasema, huyu akija atalichimbua, nami nitabaki na nini?"

"Na leo imekuwaje?"

"Swabaha ameniambia ulikaa kwake gizani, juu ya ndoo. Tangu nisikie, sala haipandi."

Ildefonsa ameshika jembe. "Umenitesa, bi mkubwa," anasema.

"Nimekutesa," anajibu mwenzake.

Ildefonsa anapiga magoti kwenye udongo uliolowa na kuyatenganisha majani kwa vidole. Shina lililoondoka Nyamiaga lilikuwa na chipukizi moja. Sasa yapo manne, manene, na juu ya vikonyo kuna matumba saba. Maji ya udhu, mara tano kwa siku, jua na kivuli, yamelilea kuliko alivyoweza kulilea yeye.

"Kwangu lingekuwa na mawili," anasema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe. Hapo mwandishi anaona hasira inamtoka, si yote.

Kuligawa kunawezekana. Unachimbua, unaosha mizizi, unayaachanisha machipukizi, kila mtu anachukua nusu. Lakini likichimbuliwa na matumba yake litayatupa yote saba, na shina changa namna hii linaweza kuoza kabisa. Wakati wake ni Machi, mvua za masika zikianza na ua likiwa limepumzika.

Ildefonsa anasimama. Analifunga jembe tena kwenye kitenge, mkunjo kwa mkunjo.

"Nitakuja Machi," anasema. "Tutaligawa mimi na wewe, mawili mawili."

"Unaniamini?" anauliza Bi Mwanamvua.

"Sijasema nakuamini. Nimesema nakuja Machi."

Bi Mwanamvua anacheka na kujifuta macho kwa ncha ya mtandio. Anatandika mkeka, analeta chai ya tangawizi na vitumbua, na wanawake wawili wanakaa kulitazama ua mpaka jua linawahamisha. Kabla ya kuondoka, Ildefonsa analigusa katikati kwa kidole kimoja na kukung'uta vumbi lake la njano kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Anakikunja na kukitia kifuani.

Kesho asubuhi, anasema wakiwa njiani kurudi, atalipaka vumbi hilo kwenye Kwaresima. Akijaliwa, baada ya miaka mitatu atamwona mtoto wa zambarau na nyeupe, na hajui kabisa atakuwa na uso gani. Anatabasamu kwa mara ya kwanza siku nzima.

Mwandishi anamuuliza itakuwaje Machi ikifika, na Bi Mwanamvua akawa amebadili mawazo.

Anaangalia msitu unavyopita.

"Itaniuma," anasema. "Lakini miezi hii miwili nimekuwa naamka kila siku sijui lilipo, wala kama lina maji. Kesho nitaamka najua."