Reli ya Mezani na Nane ya Baba

Msomaji wangu, wewe nakuhesabu mtu wa nyumbani, yule ambaye nikifika kwake navuta mkeka mwenyewe nakaa, kwa hiyo jambo hili nakupa kama lilivyo. Kila nikisikia harufu ya lehemu, ile risasi laini ya mafundi redio inapoyeyuka na kutoa moshi mweupe, moyo unaniruka kabla sijajua kwa nini. Juzi nilipita kwa fundi simu pale Buzuruga, harufu ikanipokea mlangoni, nikashika ukuta. Binti yangu akaniuliza, "Mama, presha?" Nikamwambia hapana, ni meza. Akaniangalia kama anayetafuta wa kumwitia. Hakujua meza gani, na kosa ni langu, maana sikuwa nimewahi kumsimulia.

Tulikaa kota za wafanyakazi wa reli hapa hapa Mwanza, nyumba za mstari mmoja, ukuta wetu na wa Mzee Maduhu ukiwa ule ule. Akipiga chafya yeye, Mama alikuwa anamwambia "afya" kutoka upande wetu. Baba yangu alikuwa mpangaji wa mabehewa: anayafungua, anayaunganisha, anamwonyesha mwenzake yaingie njia ya ngapi. Mwenzake ndiye huyo Maduhu, aliyevuta mkono wa chuma wa kubadilishia njia. Walifanya kazi pamoja mpaka wakaacha kusemezana. Injini ikinguruma, vidole vilitosha. Na vidole vyao vilikuwa vya nyumbani Usukumani. Nane kwetu ni vinne mkono huu na vinne mkono huu, gumba zimekunjwa, vile vile Mama alivyoagiza mafungu ya dagaa akiwa ng'ambo ya barabara. Sheria ya kazi ilisema namba ya njia isemwe kwa mdomo, mtu amfuate mwenzake alipo. Lakini nani atembee kwenye kokoto zote zile kumwambia mtu kitu anachokiona? Mazoea yana taabu.

Siku moja ya msimu wa pamba, marobota yamejaa kila mahali, mabehewa matupu yakasukumwa kwenda njia ya nane. Yakaingia ya nne. Kule kulikuwa na behewa la mbegu za pamba, vibarua wakishusha. Kishindo tulikisikia hadi shuleni, madirisha yakalia. Hakufa mtu, Mungu asifiwe, ila kibarua mmoja alivunjika mguu. Baba akasema, "Nilimwonyesha nane." Maduhu akasema, "Alinionyesha nne." Kila mmoja akaapa. Maduhu akasimamishwa kazi mara moja kwa sababu mkono wa chuma ulikuwa wake, na ikasemekana kesi ikimwangukia, kota anaitoa. Usiku ule ukuta wetu ulinyamaza. Hata chafya haikusikika.

Kilichonishtua mwanzoni ni Baba. Sikujua mtu mpole anaweza kukasirika kimya kimya namna ile. Alichukua meza yetu, meza pekee tuliyokuwa nayo, akaipigilia mbao pembeni na kusema, "Maneno yamenichosha. Nitawajengea waone kwa macho." Akatafuta mikanda ya chuma inayofunga marobota ya pamba, ile iliyotupwa, akainyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, akaikata, akaisimamisha wima kwenye vijiti alivyochanja kwa msumeno. Hizo ndizo reli. Njia ya nne na ya nane alizitengeneza kweli kweli, nyingine akazichora kwa chaki. Magurudumu alimiminiwa na wafua sufuria wa Mirongo, ya alumini, madogo kama vifungo vya koti. Mota aliitoa kwenye redio kaseti yetu, na hapo Mama akasema, "Baba Rahel, meza ya ugali umeigeuza stesheni, sasa na nyimbo za kwaya umetunyima." Tukala chini kwenye mkeka mpaka tukazoea.

Mimi nilikuwa mtu wake wa nyaya. Mikono yangu ilikuwa myembamba, ilipita chini ya meza mahali vidole vyake visingefika. Yeye anapasha msumari mnene kwenye jiko la mkaa, mimi nashikilia waya, tone la lehemu linaanguka na kung'aa kama jicho la samaki. Waya mmoja unakwenda reli ya kulia, mwingine reli ya kushoto, umeme wa betri upande chuma kimoja, upite kwenye mota, ushukie cha pili. Siku ya kwanza tuliweka injini, tukaunganisha, na badala ya kwenda, waya ukaanza kunuka, gamba lake likajikunja, mimi nikapiga yowe. Shoti! Baba alikuwa ameyaunganisha magurudumu mawili kwa spoku ya baiskeli, chuma kitupu, umeme ukapita njia ya mkato bila kuifikia mota. Halafu akachukua mrija wa kalamu, akaukata, akauvalisha katikati ili upande mmoja usiguse mwingine. Injini ikatembea. Nakwambia ukweli, nilimwona malaika kwa namna yangu. Kijibati cha mafuta ya kujipaka kinatembea peke yake, kinavuta makopo mawili, na glopu ya tochi inawaka kijani njia ikiwa wazi!

Furaha hiyo sikuwa na wa kumpa. Sabina, binti wa Maduhu, ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa kushika mkono, na tulikatazwa hata kusalimiana. Bombani mama yake alikuwa anatandika maneno kwa sauti ya wote kusikia: "Wenzetu wana raha, wanachezea vitreni. Sisi tunatafuta maboksi ya kufungia vyombo." Mama alijaza ndoo yake mpaka ikamwagika. Nyumbani alipiga magoti kitandani na nikamsikia akimwombea Maduhu kwa jina, jina zima, kana kwamba Mungu angeweza kumchanganya na mwingine.

Jumapili moja baada ya ibada, mchungaji na wazee wawili wa kanisa wakaja kuwapatanisha kabla kesi haijasikilizwa. Maduhu akaja na mke wake na Sabina, wakakaa upande wa mlango, miguu nje. Nikasema shikamoo, Maduhu akaitikia marahaba akitazama sakafu. Baba akatoa shuka juu ya meza. Hata mama Sabina alijisahau. "Ee Yesu, mpaka ghala!" alisema, kisha akafunga mdomo. Ghala lilikuwa boksi la viatu, na mawe yetu ya Mwanza yalikuwa mawe hasa, niliyoyaokota ziwani. Watu niliwafinyanga mimi kwa udongo. Baba wa udongo nilimweka mikono yote miwili juu, kama alivyonielekeza, pembeni ya behewa lililokuwa limeachwa hapo siku ile. Maduhu wa udongo alisimama kule kwenye mkono wa kubadilishia njia.

Baba akaeleza kama mhubiri. "Mimi hapa. Nimeinua hivi," akainua mikono, vinne na vinne. "Nane. Hakuna mtu mzima wa Usukumani asiyejua hii ni nane. Mwenzangu alikuwa na usingizi, au alikuwa na lake. Rahel, washa." Nikaunganisha. Haikuwaka. Waya wa betri ulikuwa umechomoka upande wa Maduhu wa udongo, basi nikaingia chini ya meza, nikaupata, nikaubana. Nilipokuwa ninainuka, macho yangu yakafika usawa wa reli, pale pale nyuma ya Maduhu wa udongo. Nikamtafuta Baba. Nikasema, Mungu wangu, nilisema tu kama mtoto anayeona sanamu yake imeharibika, "Baba, mkono wako mmoja umevunjika. Haupo."

"Upo," Baba akasema.

"Haupo. Behewa limeuziba."

Injini ikawa inatembea yenyewe, hakuna anayeitazama. Mchungaji alikuwa wa kwanza kuinama, kanzu yake ikigusa sakafu. Alikaa hapo, akainuka, akamsogezea Maduhu nafasi. Maduhu akainama. "Ndivyo nilivyoona," akasema. "Nusu ya mtu, na mkono mmoja wenye vinne. Nikasema huo mwingine ameshikia ngazi ya behewa, kama siku zote." Na ni kweli, wapanga mabehewa walikuwa wakining'inia kwa mkono mmoja kila siku. Baba akabaki amesimama, mikono yake bado iko juu, vinne na vinne. Alikuwa hajaishusha. Kisha akapiga magoti kwenye meza aliyoijenga kwa mikono yake ili kumshinda mwenzake, akaweka shavu kwenye mbao, akatazama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukipauka hivyo. Akasema taratibu, "Nane yangu ilifika nne."

Injini ikafika mwisho wa reli, ikaanguka sakafuni. Hapo ndipo Mama akalia.

Tungeweza kunyamaza. Mzee mmoja wa kanisa alisema hivyo hivyo, kwamba yaliyosemwa ndani ya nyumba yabaki humo, kesi ijiendee. Baba akamwangalia. "Na kota ya Maduhu?" akauliza. Jumatatu akavaa shati lake la kanisani, akaenda ofisini kueleza kuwa alitoa namba kwa vidole badala ya kwenda kusema, na kwamba mwenzake alivuta alichoonyeshwa. Maduhu akarudishwa kazini. Baba akaondolewa. Waliofunga vyombo kwenye maboksi tukawa sisi. Siku ya kuhama, aliyekuja kusukuma mkokoteni wetu mpaka Buzuruga ni Maduhu, na mama Sabina alibeba godoro letu kichwani. Njiani Maduhu alisema, "Na mimi nina langu. Niliona mkono mmoja nikatosheka. Ningeuliza." Baba akamjibu, "Sukuma, mzee, mlima huu." Wakacheka wote wawili, kicheko kibaya, cha watu waliotoka kulia.

Shule yangu iliishia hapo hapo, darasa la saba. Kidato cha nne nimekimaliza ukubwani, madarasa ya jioni, nikiwa na mtoto mgongoni na mwingine akisinzia kwenye dawati la nyuma, na kila walipotufundisha umeme nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Baba alitengeneza redio mpaka alipolala usingizi wa mwisho. Wapo walionambia alikuwa mjinga, alijiponza kwa mdomo wake. Mimi nimelea watoto kwa jina lake na sijawahi kuinamisha kichwa. Siku hizi reli mpya inajengwa, taa na mitambo, hakuna atakayeinulia mwenzake vidole. Lakini tumepata simu. Mtu anarushiwa kipande cha picha, nusu ya mtu na mkono mmoja, kabla chai haijapoa ameshaapa, ameshatukana, ameshamfukuza jirani. Nikiviona vile nanusa lehemu pale pale jikoni kwangu.

Mpaka leo nikiagiza mafungu manane ya dagaa, kwanza natoka nyuma ya kila kilichosimama, ndipo nainua mikono. Wauzaji wananicheka: "Mama Upendo, tumekuona, shusha!" Nacheka nao, siishushi mpaka wamesema namba kwa mdomo. Jioni ya juzi nilimkalisha binti yangu nikamsimulia yote, na sasa nimekusimulia wewe. Usiyaache kwako. Mpe mmoja ambaye leo hasemezani na jirani yake, na ukimpa, mpe kwa mdomo, umemfuata alipo.