Paulo Mroma

Nilirudi Marangu nikiwa nimeamua kumwambia mama kwamba naacha seminari. Nilimkuta anamenya ndizi, na kabla sijafungua mdomo akauliza tumefundishwa nini. Nikamtajia neno la Kigiriki, Rhomaios, yaani Mrumi. Katika Matendo ya Mitume, Paulo alipofungwa kamba ili achapwe, alisema tu kwamba yeye ni Mrumi, raia wa Roma, na hawakumgusa.

"Kumbe alikuwa Mroma kama sisi," akasema. Ndivyo majirani Walutheri walivyotuita Wakatoliki. Nilitaka kumkatalia kwa hasira, nikameza maneno. Tayari alikuwa ameingia ndani kuleta suruali nyeusi ya mtumba, ya kuvalia chini ya kanzu siku yangu ya upadre. Akaniamuru niijaribu. Kifungo kikagoma.

"Bana tumbo," akasema mama, akakifunga mwenyewe.