Maonyo Niliyoyanyamazisha Asubuhi ya Harusi

Mpaka leo nikipita karibu na kanisa letu hapo Dagoretti Corner najifanya naangalia viatu, maana kuna akina mama wa kwaya wakiniona tu wanashika mbavu, na siwezi kuwalaumu.

Nilikuwa nimetengeneza programu ya kuonyesha nyimbo ukutani (cheti sina, nilijifunzia saiba, kwenye kompyuta za kulipia, lakini ndoto ninazo gunia zima). Unaandika namba ya wimbo, maneno yanatokea. Sehemu ya kutafuta namba aliiunda rafiki yangu Otieno, akanipa ikiwa imeshapikwa, yaani imeshageuzwa kuwa lugha ya kompyuta, akarudi kwao Kisumu. Dadangu Wambui alikuwa ameniomba kitu kimoja tu: nisimwaibishe mbele ya wakwe. Sasa mimi na kiherehere changu, asubuhi ya harusi yake nikaweka kompaila mpya, ile inayogeuza ninachoandika kiwe lugha ya kompyuta, nikapika sehemu yangu upya, ikamwaga maonyo skrini nzima: siku hizi inapanga vitu tofauti, kilichopikwa na ya zamani huenda kisielewane na kipya. Nikajiambia onyo si kosa. Nikaweka amri ya kuyanyamazisha, skrini ikawa safi kama sahani ya mgeni, nikafunga tai.

Kanisani mchungaji akataja wimbo wa harusi, nikaandika namba, sehemu ya Otieno ikaiweka pale ilipozoea, yangu ikaiokota pengine kabisa, na ukuta ukaleta wimbo wa kuaga marehemu. Nyanya zetu walikuwa na vitabu vyao, wakaimba harusi. Vijana, ambao huimba chochote ukuta unachosema, wakaimba mazishi, tena kwa sauti nzuri. Nikabonyeza haraka kuutoa, ukaja ubeti wa pili, wa kaburi.

Bwana harusi akamwinamia Wambui, na maikrofoni iko wazi. "Kwani anayeenda ni mimi ama ni wewe?"

Nikaona mabega ya dadangu yanatetemeka chini ya shela, nikajua nimemliza siku yake. Kumbe anacheka hadi machozi, na mama mkwe pia.

"Kamau," Wambui akaniambia, "zima hiyo kitu tuoane."

Nikang'oa waya. Otieno baadaye alinitumia kazi yake ikiwa mbichi, nikapika kila kitu kwa kompaila moja. Maonyo siku hizi nayasoma yote, na mahali palipoandikwa "huenda", mimi nasikia wimbo wa mazishi ukianza.