Mwanamke wa Mitungi Miwili

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka mashavu yananichoma kwa aibu ingawa mvi zimeshanijaa. Jana uliponiambia kuna mama huko mjini anasoma kadi za taroti, na unataka akutazamie mchumba wako ana nani, nilinyamaza. Ukafikiri nimekasirika. Wala. Nilikuwa najiona mimi mwenyewe, nina miaka ishirini na miwili, nimekaa kwenye kigoda nikisubiri kadi inipe jina la mwanamke wa kumchukia.

Kitengela ya miaka ya tisini si hii unayoiona. Ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga, na nyuma yake nyika tupu, pundamilia wakijipitia. Mimi na mume wangu Saruni tulipanga chumba kimoja cha mabati. Yeye alifanya kazi Magadi, kule kwenye joto la ziwani, akija nyumbani mwisho wa mwezi, na kila akija aliniletea mfuko wa magadi ya kuchemshia mahindi na maharagwe. Usicheke. Wengine waliletewa marinda na mafuta ya kujipaka. Mimi mfuko wangu ulinitosha, kwa sababu ulinionyesha kwamba hata kwenye joto lile alinikumbuka.

Basi mimba yangu ilipofika miezi minne, mfuko ukaja nusu. Mwezi uliofuata, nusu tena. Viatu vya Saruni vilikuwa na mavi ya kondoo, na sisi kondoo hatukuwa nao. Jirani mmoja, ambaye habari za watu ndizo zilikuwa chakula chake, akaniambia amemwona Saruni akishuka stendi na kukata njia moja kwa moja hadi kwa Nashipae.

Nashipae alikuwa rafiki yangu. Alikuwa mjane mwenye boma lake dogo nje ya mji, na alichota maji kwenye tangi la kisima akiyauza mtaani kwa mitungi ya plastiki. Nilipoanza kutapika kwa mimba, yeye ndiye aliyenibebea maji hadi mlangoni. Pia alikuwa mrefu, mcheshi, na akipita wanaume walisahau walichokuwa wakisema. Hilo nililijua siku zote, lakini siku hiyo ndipo lilipoanza kuniuma.

"Magadi nusu inaenda wapi?" nilimuuliza Saruni.

"Ngoja mtoto azaliwe," akasema. "Utajua."

Mimi nikaelewa kwamba anangoja nijifungue ndipo aniache. Wivu, mwanangu, hauhitaji mengi. Nilianza kunusa mashati yake. Nilihesabu dakika kutoka stendi hadi mlangoni kwangu. Nikimsikia Nashipae akicheka barabarani, chakula kilinishinda.

Ndipo nikaenda kwa Mama Njeri. Alikuwa mshonaji wa nguo, na zamani alimfanyia kazi mzungu mmoja Nairobi aliyemwachia kadi zile na kumfundisha kuzisoma. Aliondoa cherehani mezani, akanipa nizichanganye mwenyewe, kisha akalaza tatu kifudifudi. Ya kwanza ya yaliyopita, ya pili ya sasa, ya tatu ya yanayokuja.

Ya kwanza ilikuwa kijana mwenye kifurushi begani, anaondoka na mbwa wake. Huyo ni Saruni na safari zake, nikasema. Ya pili, mwanamke ameketi kwenye kiti kizuri, ngano imemzunguka, tumbo limejaa. Hapo hata Mama Njeri alicheka na kunitazama tumbo. Kisha akafunua ya tatu. Mwanamke amepiga goti kando ya maji, juu yake nyota. Ana mitungi miwili mikononi, anamimina. Na hana hata kitambaa mwilini.

"Ni Nashipae!" nikasema.

"Tulia," Mama Njeri akaniambia. "Hii kadi ni nyota. Ni tumaini. Inasema kuna nafuu inakuja, kuna mtu anakumiminia mema bila kujificha. Ndiyo maana hana nguo."

"Anamimina maji, yuko uchi, na wewe unaniambia tumaini?"

"Kadi haina jina la mtu. Jina umeliweka wewe. Enda nyumbani ujiulize kwa nini."

Nilimwona mjinga, na nikamshuku pia kwamba ananunua maji kwa Nashipae na ndiyo sababu anamtetea. Nimeambiwa maana ya picha mbele ya macho yangu, mwanangu, nikaitupa nikabaki na ile niliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Asubuhi nilikwenda kwenye tangi. Ulikuwa wakati wa kiangazi, foleni ya wanawake ndefu, na Nashipae alikuwa ametoka tu kujaza mitungi yake.

"Nashipae, unauza maji ama unauza nini?" nikapaza sauti. "Magadi ya bwana yangu inafanya nini kwako?"

Foleni nzima ikageuka. Nikamwona anafungua mdomo, kisha akaufunga.

"Enda upumzike," akasema polepole. "Mtu wa hali yako asipige kelele hivi."

Upole ule ndio ulionipandisha wazimu. Niliisukuma mitungi yake kwa mguu, mtungi wa kwanza, kisha wa pili, maji yakamwagika yote kwenye vumbi, na nikamwita jina ambalo sitakutajia. Aliinama akaokota mitungi mitupu, akaondoka. Wanawake wakaanza kunong'ona. Kufikia mwisho wa mwezi wengi walikuwa wamekataa maji yake, na mchungaji wa kanisa letu alikuwa amemwita kumhoji. Nami nilifurahi, nisikufiche. Nililala usingizi mzuri.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike. Siku ya pili mama mkwe wangu alifika kutoka upande wa Kajiado na wanawake wenzake. Tulikuwa tumekaa, mchana, mtoto kifuani, niliposikia kengele ya mnyama nje. Nashipae alikuwa amesimama mlangoni na kamba mkononi, na mwisho wa kamba kulikuwa na kondoo dume aliyenona hadi mkia unayumba.

"Takwenya," mama mkwe akamsalimu.

"Iko," akaitikia. Mimi hakunitazama.

Wewe unajua desturi yetu. Mwanamke akizaa huchinjiwa kondoo dume, mafuta yake huyeyushwa anywe apate nguvu, na nyama ni ya wanawake peke yao. Mimi nyama hiyo nimeila kwa dada zangu mara ngapi! Lakini sisi tulikaa chumba cha kupanga, kondoo angefungwa wapi? Saruni alimwomba mama yake amtafutie mtu mwenye malisho, na mama akamtafuta Nashipae. Magadi niliyoililia aliilamba kondoo wangu mwenyewe. Na kwa kuwa kwetu maandalizi ya mtoto ambaye hajazaliwa hayatajwi, wote watatu walifunga midomo. Nashipae alisimama pale kwenye tangi akatukanwa, na angeweza kunijibu kwa sentensi moja. Alinyamaza ili mtoto wangu asipatwe na mabaya.

Mama mkwe alipomaliza kueleza, sikuweza kuinua kichwa. "Ingia ndani, dada," nikasema. "Tule pamoja."

"Nyama hii huliwa na mtu anayemfurahia mzazi," Nashipae akajibu. "Mimi leo siwezi, na sitaki kukudanganya. Kunywa mafuta upone."

Akampa mama mkwe kamba, akaenda zake. Kondoo alipochinjwa, nilikunywa kikombe cha mafuta yake nikilia, na wanawake wakala nyama.

Kabla ya mvua alihamia Kiserian, kwa sababu hapa jina lake nililiharibu mimi. Nilipopata nguvu nilimfuata na mtoto mgongoni. Alinipikia chai, akambeba mtoto, akanisamehe kwa maneno mazuri. Lakini hakurudi. Ana marafiki wengine kule, na nikisikia mmoja wao akimtaja, roho inaniuma hadi leo. Naona wivu kwa ajili ya yuleyule niliyemfukuza kwa wivu.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi kwenda kwa yule mama wa kadi. Nenda ukitaka. Ila kabla ya kuketi mbele yake, jiulize umekuja kutafuta nini. Ukiwa umeshamhukumu mtu moyoni, kila picha itakuwa na sura yake, na hata malaika akishuka na mitungi utauliza anamwendea nani. Mchumba wako muulize mwenyewe. Akikuambia ngoja, basi ngoja kidogo. Na rafiki anayekubebea maji, usimguse.

Mungu wetu Enkai akupe macho ya kuona mema yakiwa bado njiani. Akupe mume wa kukukumbuka, watoto wa kukuzika, na mwanamke mwenzako wa kula nawe nyama ya uzazi hadi mfupa wa mwisho. Itikia baraka, sema "Naai", mwanangu. Sema tena, na kesho nisindikize Kiserian.