Javeli Yangu na Kisima cha Mama Zaituni

Ndugu zangu, kosa ni langu mimi mwenyewe, musinitafutie mutetezi. Nilimusingizia jirani yangu juu ya maji, mbele ya watu! Yeye mwenye kunipa maji miaka yote ya vita!

Mimi ni mama wa Katanga. Bwana yangu alitumika kwa reli, njo maana tulifika hapa Kindu. Ninapika kibuku, pombe yetu ya mahindi. Wakati wa vita treni zilisimama, mushahara hakuna, pombe hiyo njo ilisomesha watoto. Maji nilikuwa nateka kwa kisima cha Mama Zaituni. Yeye ni mwislamu, pombe hata kuinusa hataki, lakini hakunifungia kisima hata siku moja. "Teka, yaya," alikuwa anasema, ni kusema dada. "Unapika nini, hiyo ni wewe na Mungu wako."

Miaka ile kolera, kipindupindu, nayo ilitupiga. Tukafundishwa kutia javeli, ile dawa kali ya kuua vidudu, katika vyombo, matone tu, maana ilikuwa ngumu kupatikana. Vita iliisha, mimi javeli sikuiacha. Na sasa mutoto wangu ananiletea bidoni nzima, dumu kubwa! Pipa, sahani, hata ndala zangu, vyote naosha na javeli.

Basi, wakwe walikuwa watoke Lubutu kuleta mali ya kumuoa binti yangu. Kwetu mukwe hapokewi na soda. Nikapika. Pombe ikalala! Povu hakuna, ni uji baridi tu. Nikapika tena, ikalala tena. Binti akaanza kulia: "Mama, watasema nini kule Lubutu?"

Mutoto wangu akasema nipeleke maji kwa labo, kule wanachunguza magonjwa na maji, waipime. Nikatafuta chupa. Sasa jamani, watu wa blauzi nyeupe utawapelekea chupa ya kunuka? Nikaiosha na javeli mpaka ikang'aa, nikateka maji, nikavaa kitenge kipya, nikaenda.

Kijana wa labo akaniambia: "Mama, hii maji iko na javeli mingi sana. Javeli inaua chachu, pombe haiwezi kuamuka."

Weee! Hata nyumbani sikupita. Nilisimama kisimani nikapiga makelele: "Mama Zaituni! Umetia javeli kisimani juu hautaki pombe yangu! Si ungeniambia tu!"

Watu wakajaa. Yeye akaniangalia, kamba ya ndoo mukononi. "Yaya, vita yote sikukunyima maji. Leo njo nikuharibie?" Akaingia ndani. Na mimi, na mudomo wangu huu, nikajiona nimeshinda.

Kesho yake yule kijana wa labo akafika mwenyewe. Alishangaa kisima cha uwanjani kuwa na javeli yote ile. Akateka kwa chupa yake, akaenda kupima, akarudi: maji safi kabisa. "Mama, ile chupa uliosha na nini?"

"Na javeli, mwanangu! Mimi si mama muchafu."

"Na pipa ya pombe?"

Nikaenda kuinusa pipa: javeli tupu! Haya gani ile, Mungu wangu!

Nilipiga magoti kwa Mama Zaituni. Alicheka mpaka mutandio ukaanguka! Kisha akakaza uso: "Makelele ulipiga mbele ya watu. Samahani utaiomba mbele ya watu."

Pipa nikaliosha na maji tu, pombe ikatoka povu mpaka kumwagika. Na siku ya wakwe nikasimama mbele ya watu, nikaeleza yote, nikamuomba Mama Zaituni samahani. Baba mukwe alicheka mpaka akapaliwa na kibuku! Binti aliolewa vizuri. Mimi sasa mutaa muzima wananiita Mama Javeli, na ninaitika.

Wenzangu, mukipeleka maji kwa labo, chupa muisuuze na maji ile ile tu. Na kabla ya kumushitaki jirani, ngojeni mupime mara ya pili. Mama Zaituni amenisamehe, tunacheka pamoja. Lakini zamani nilikuwa naingia kwake bila hodi. Sasa napiga hodi, na yeye ananiitikia "karibu", kama vile mimi ni mugeni.